Unatafuta bunduki ya kwanza ya kuwindia? Soma hii kabla hujatoa ganji

Tuseme ukweli, wewe pia umeziona zile video. Jamaa wa Texas amevaa nguo za rangi ya majani, amelala kifudifudi, anapumua polepole, pap, kulungu chini. Kisha anaigeukia kamera akufundishe namna ya kununua bunduki ya kwanza ukiwa huna pesa nyingi. Nunua iliyotumika. Usimalize pesa kwenye chuma, bakisha za darubini. Chagua ile ambayo risasi zake zinapatikana kila duka. Watu wanabishana huko chini kuhusu .243 na .308 kama vile sisi tunavyobishana kuhusu Arsenal. Bando linaisha, unainua kichwa, na mbele yako kuna tuktuk na kuku wa jirani.

Mimi nilipoacha chuo nilipata muda mwingi kuliko pesa, na mtu mwenye muda mwingi huanza kutafuta kitu cha kuwinda. Kwa hivyo nikuelezee moja kwa moja, kwa sababu swali hili nimeulizwa na vijana wa Mishomoroni zaidi ya mara moja, na wengine hawakuwa wakitania.

Bunduki ya kuwindia wanyama, hapa Kenya, haipo. Yaani chuma chenyewe kipo duniani, lakini uwindaji haupo. Kuwinda kulipigwa marufuku Mei 1977, wakati wa Mzee Jomo Kenyatta, na mwaka uliofuata biashara ya nyara nayo ikafungwa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliendeleza marufuku hiyo. Iwe unawinda kwa raha, iwe ni nyama ya kuuza, iwe ni kitoweo cha nyumbani, yote ni kosa. Hata paa mdogo wa Arabuko Sokoke ambaye haujazi sufuria. Na kumiliki bunduki yenyewe kunahitaji cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha, na lazima uwe na sababu ya kueleweka. Huwezi kwenda kumwambia ofisa unataka ya kuwindia, kwa sababu jambo unalotaka kulifanya lenyewe haliruhusiwi. Ukitaka kuwinda kwa leseni, Tanzania bado wanaruhusu, lakini angalia ada za vibali vyao halafu urudi tuongee.

Usidhani lakini kwamba Pwani haikuwa na wawindaji. Ilikuwa nao, tena wa kutisha. Huko bara nyuma ya Malindi na Kilifi, kuelekea mto Galana na Tsavo, waliishi Waata, watu ambao wengi waliwaita Waliangulu. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na upinde mrefu, mgumu kuvuta kiasi kwamba mwanamume wa kawaida akishikishwa anaaibika, na mishale iliyopakwa sumu ya mti. Ndovu walimwangusha kwa kitu hicho. Tsavo ikafanywa mbuga mwaka 1948, na katikati ya miaka ya hamsini ikaja operesheni kubwa ya kuwasaka, mlango kwa mlango, wakafungwa jela wengi. Na wakati huohuo mgeni mwenye pesa ya leseni aliingia nchini na bunduki yake na kupiga ndovu huyohuyo, akarudi kwao na pembe. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, wa kuwaruhusu Waata wawinde kwa utaratibu na kupata riziki. Haukudumu. Nakueleza haya si kukupa somo la historia, ni kwa sababu nitarudi kwenye jambo hili la nani anashikwa na nani anaachwa.

Bunduki unayoweza kuipata ni ile nyingine

Sasa tuje mtaani. Ukimwambia kijana wa ufuoni unatafuta bunduki ya kuwindia, hatafikiria kulungu. Atafikiria bunduki ya samaki. Umeshaiona: kipande cha mbao kilichochongwa kama bunduki ya filamu, mpira wa tyubu ya gari umefungwa mbele, na chuma chembamba kilichonolewa kinachoruka ukiachia kibati. Miwani ya kuzamia, labda mapezi ya mguuni, na bahari. Hakuna chombo, hakuna nyavu, hakuna mtaji. Ndiyo maana ni zana ya vijana. Mwenye boti anataka mafuta na mabaharia, mwenye nyavu anataka pesa za nyavu, mwenye malema anajua kusuka. Wewe una mapafu tu.

Na raha yake siwezi kuidanganya. Unazama, kimya kabisa, unamfuata pono nyuma ya jiwe, unamchagua wewe mwenyewe. Ni uwindaji hasa. Hapa ndipo watu wengi hunikasirikia, kwa sababu jibu langu ni usinunue.

Ya kwanza ni sheria. Mwaka 2001 serikali ilitangaza katika Gazeti Rasmi kwamba bunduki za samaki na majuya ya kukokota ufuoni ni marufuku. Wengi mtaani wanadhani ni KWS tu ndio wabaya, kwamba ukitoka nje ya mbuga ya bahari uko sawa. Hapana. Marufuku ni ya zana yenyewe, popote utakapokuwa ndani ya maji ya Kenya. Ukishikwa unapoteza bunduki, unapoteza samaki, na unapata kesi.

Ya pili ni barabara. Hili watu wa video hawalijui. Kutoka Mishomoroni hadi majini lazima utembee, upande matatu au boda. Sasa wewe fikiria mwenyewe: kijana, saa kumi na moja alfajiri, Kisauni, ana kitu kirefu kimefungwa kwenye gunia chenye umbo la bunduki. Mtaa wetu umeharibiwa jina na makundi ya vijana wenye mapanga. Mama anayeelekea kuuza mahamri akikuona atapiga kelele, na watu wa Kisauni wakisikia kelele hawaulizi maswali kwanza. Polisi nao wakikusimamisha hutapata nafasi ya kueleza habari za pono. Nimeona vijana wakikunjwa kwa vitu vidogo kuliko hicho.

Ya tatu ni mwamba. Bunduki inachagua, ni kweli, lakini inachagua vibaya. Kila mtu anampiga mkubwa, na mkubwa ndiye mzazi. Halafu kuna kikande, yule samaki mwenye ngozi ngumu na meno kama ya sungura, ambaye hana akili ya kukimbia. Kikande ndiye anayewala wale wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, wale ambao ukikanyaga mmoja unachechemea wiki nzima. Watafiti wamefuatilia miamba yetu kuanzia miaka ya themanini na wameliona jambo hilo wazi: kikande wakiisha, wenye miiba wanajaa, na wakijaa wanautafuna mwamba mpaka unabaki kifusi. Kifusi hakizai samaki. Tena chuma kikikosa samaki kinagonga matumbawe, na mzamiaji akichoka anasimama juu ya matumbawe kupumzika.

Ya nne ndiyo inayoniogopesha zaidi. Vijana wanafundishana kwamba kabla ya kuzama upumue haraka na kwa nguvu mara nyingi ili ukae chini muda mrefu. Usifanye hivyo, nakuomba. Kupumua hivyo hakukuongezei hewa ya maana. Kunachofanya ni kupunguza ile gesi mwilini ambayo ndiyo humwambia ubongo kwamba hewa imeisha. Kengele inazimwa, moto unaendelea kuwaka. Unakaa chini ukijihisi sawa, na ukiwa unapanda, karibu kabisa na juu, unazimika kama taa. Hakuna kutapatapa, hakuna kelele. Kama uko peke yako, umeenda. Na wengi wa wenye bunduki huzama peke yao kwa sababu wanajificha, na wanajificha kwa sababu ni marufuku. Unaona vile mambo yanavyoshikana.

Sasa nirudi kwa Waata. Kuna kitu kinachonikera katika hili, na sitajifanya hakipo. Anayekamatwa na bunduki ya samaki ni kijana asiye na kitu, kwa sababu zana hiyo ndiyo ya mtu asiye na kitu. Meli kubwa za mbali zinazovuta tani na tani hazikutani na doria ya ufuoni. Ukiniuliza kama marufuku ni sawa, nitakwambia ndiyo, kwa sababu zile nne hapo juu. Ukiniuliza kama inatosha kumnyang'anya mtu zana na kumwacha akiangalia maji, nitakwambia hapana. Ndiyo maana makala hii haiishii hapa kwa kukukataza. Kuna zana nyingine ya bei ndogo, halali, inayoingia mfukoni, na hakuna mama atakayekupigia kelele.

Mshipi

Najua. Ulitaka bunduki, nimekuletea uzi. Lakini sikiliza. Ushauri wote wa yule jamaa wa Texas unafanya kazi kwenye mshipi kuliko unavyofanya kwenye bunduki yake.

Tuseme una elfu moja. Bei hubadilika duka hadi duka, kwa hivyo nakupa mgawanyo badala ya bei. Nusu iende kwenye uzi. Robo kwenye ndoana. Kinachobaki ni chambo na nauli. Rodi usinunue. Zile rodi za kukunjwa zinazong'aa kwenye vioo vya duka ndizo mtego wa mtu anayeanza: kwa bei ya chini unapata kijiti kinachovunjika kwenye kiungo na kile chombo cha kuzungushia uzi ambacho maji ya chumvi hukila ndani ya mwezi. Wazee wa Mombasa wameleta changu nyumbani maisha yao yote bila rodi. Wanazungushia uzi kwenye kibao au chupa ya plastiki, basi. Chupa ya soda ya nusu lita inatosha mkono vizuri, na ukirusha, unaielekezea shingo kule uliko mlengo wako na uzi unatoka wenyewe bila kukwama.

Uzi ndio darubini yako, hapo usibane. Nunua nailoni isiyo na mkunjo, nyeupe au ya kijani hafifu. Kwa mkondoni, unene wa milimita 0.40 hivi unatosha. Kama utavulia kwenye mawe, panda hadi 0.50 au 0.60, kwa sababu pale adui si samaki, ni jiwe. Kabla hujalipa, vuta urefu wa mkono mmoja, upitishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi mikwaruzo, rudisha. Ule uzi uliokaa kwenye kioo cha duka ukipigwa na jua miezi na miezi umekufa tayari, hata kama karatasi yake ni mpya. Omba wa ndani ya boksi. Na hapa ndipo ushauri wa kununua kilichotumika unapofeli: uzi uliotumika usinunue, hata ukipewa bure fikiria mara mbili.

Ndoana zina hesabu ya kuchanganya. Namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo. Namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Ukifika 1 inageuka, zinaanza 1/0, 2/0, na hizo sasa zinakua. Anayeanza huingia dukani akanunua ndoana kubwa kwa sababu anamuota samaki mkubwa, halafu anashinda mchana kutwa akilisha samaki bure. Mdomo wa changu wa mkondoni ni mdogo. Chukua namba 8 na 6, na chache za namba 2 kwa siku ya bahati. Mustad ni jina ambalo wavuvi wengi wanaliamini. Za bei ya chini kabisa zinanyooka samaki akivuta, au zinapata kutu kabla hujafika nyumbani. Jaribu moja kwenye ukucha: ikiteleza ni butu, ikishika ni kali.

Risasi utanunua, usijali. Risasi ya mshipi ni ile ya kuzamisha, chubwi. Au usinunue kabisa, nenda kwa fundi wa gari umwombe nati za zamani na plagi zilizokufa. Plagi moja ni uzito mzuri kwa mkondoni, na ikinasa kwenye jiwe hujalia. Kitu kimoja tu: ukitumia risasi yenyewe, usiibane kwa meno. Ile ni sumu inayoingia polepole na haitoki. Tumia koleo, na unawe mikono kabla hujagusa mkate.

Fundo ni moja tu la kujifunza kwanza. Pitisha uzi kwenye jicho la ndoana, uzungushe juu ya wenyewe mara sita, rudisha ncha kwenye kile kitundu kidogo kilichobaki karibu na jicho, lowesha kwa mate, vuta polepole. Mate si ushirikina, ni kwa sababu nailoni kavu ikivutwa kwa nguvu inapata joto na kudhoofika palepale kwenye fundo. Jizoeze ukiwa umekaa nyumbani unaangalia mpira, mpaka mkono ufanye bila macho.

Chambo, nenda sokoni Kongowea asubuhi au umzoee mama karanga wa mtaani, yule anayekaanga samaki jioni. Mwombe vichwa vya kamba na mabaki ya ngisi. Msalimie kwa heshima, shikamoo mama, umwambie ni ya kuvulia, na ukipata samaki umpelekee mmoja. Ngisi ndiye bora kwa anayeanza kwa sababu ni mgumu, samaki wadogo hawamng'oi haraka. Kata vipande vyembamba kama ukucha. Wewe si hoteli, usimpe samaki sahani nzima.

Wapi, na lini

Hapa Mishomoroni tuna bahati ambayo wengi hawaioni. Upande wa Junda nyumba zinateremka hadi mikokoni, kwenye Mkondo wa Tudor. Upande wa pili, ukivuka Barabara ya Malindi, kuna Bamburi na bahari kuu. Watu hukimbilia Bamburi kwa sababu ya mchanga na picha. Mimi nakwambia anza mkondoni.

Sababu moja ni kwamba sehemu ya bahari mbele ya Nyali, Bamburi na Shanzu ni Mbuga ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, tangu 1986. Ina kilomita za mraba 10, na ndani yake huvui kitu, hata kwa uzi, hata mmoja. Kuizunguka kuna hifadhi ya kilomita za mraba 200 ambayo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Tatizo ni kwamba maji hayana ukuta, na wewe mgeni hujui boya gani ni mpaka. Usikisie. Uliza wavuvi wa pale bandarini, au walinzi wa KWS wenyewe. Hawakuli kwa kuuliza.

Na jambo la kuuliza lina upande wa pili. Fuo zetu zina kamati za wavuvi, zile BMU, zilizowekwa kwa kanuni za mwaka 2007. Fika, tafuta mzee wa bandari, jitambulishe: unatoka wapi, mtoto wa nani, unataka kuvua vipi. Ukitaka kuuza samaki utahitaji kusajiliwa hapo na kupata leseni ya uvuvi, na wao ndio watakuelekeza kwa ofisa. Lakini hata kama ni cha kitoweo tu, salamu ile itakulinda. Siku ukichelewa kurudi, kuna mtu anayejua ulienda upande gani.

Wakati, angalia mwezi badala ya saa. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, maji ni bamvu, yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na katikati ya kujaa mkondo unakimbia kama mto. Chubwi haikai chini. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yametulia, lakini samaki nao wamelala kidogo. Mimi napenda siku mbili tatu baada ya bamvu, saa mbili za mwisho za maji kujaa, alfajiri au jioni. Kumbuka maji huchelewa kila siku karibu dakika 50, kwa hivyo ukivua vizuri leo saa kumi na moja jioni, kesho usiende saa hiyohiyo. Na msimu nao: kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari ni shwari na maji masafi. Kusi ikishaingia, kuanzia Aprili, nje huko ni mawimbi na upepo, na hapo ndipo mkondo unapokuwa rafiki kwa sababu umejificha.

Ukienda siku moja kwenye mwamba wa Bamburi na wanaojua, maji yakiwa yamekupwa, shika hili: maji hayarudi kutokea mbele unakotazama. Yanaingia nyuma yako kwanza, kwenye lile bwawa kati ya mwamba na ufuo. Wewe umesimama pakavu, una samaki, una furaha, na njia yako ya kurudi tayari imefika kifuani. Ukiona mfereji wa nyuma unaanza kutembea, kunja uzi. Hata kama ndiyo wanaanza kula.

Ukishampata

Atakuja siku, utahisi kama mtu anagonga mlango kwa kidole. Usivute kama unang'oa muhogo. Subiri mgongo wa pili, kisha nyanyua mkono kwa haraka kidogo, basi, halafu uzi usilegee mpaka afike. Vaa kipande cha mpira cha tyubu kwenye kidole cha shahada, ule uzi ni kisu.

Usimshike kabla hujamjua. Hongwe, yule mwenye sharubu, ana miiba mitatu yenye sumu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na mkondoni amejaa. Mkanyage kwa kiatu, mtoe kwa koleo. Taa naye ana mwiba mkiani. Ukichomwa, loweka mkono au mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, maumivu yatapungua, halafu nenda hospitali, usingoje uvimbe uishe wenyewe. Na bunju, yule anayejifura kama mpira, mrudishe. Usimpe paka, usimpe jirani, usijaribu kumpika saa nyingi. Sumu yake haiuawi na moto, na watu wamekufa kwa mchuzi wake.

Yule mdogo wa urefu wa kiganja mrudishe pia. Najua njaa ipo. Lakini huyo ni nyama ya kuuma mara mbili, na mwakani angekuwa chakula cha mtu na mkewe.

Neno kuhusu maji ya Tudor, kwa sababu sitaki kukuuzia ndoto. Maji machafu ya mitaa inayouzunguka mkondo yanaingia mle. Samaki anayeogelea anakula, unamtoa matumbo, unamwosha kwa maji safi, unampika akaiva. Chaza na kombe wa mle ni habari nyingine, wao wanachuja maji siku nzima na kubaki na kilichomo. Usiwale wabichi na limau kama ulivyoona kwenye simu.

Ukiuza, usikimbilie bei ya kilo siku ya kwanza. Changu watatu wamtosha mama karanga aliyekupa chambo. Yeye atakukumbuka siku ambayo hukupata kitu, na siku hizo ni nyingi kuliko unavyofikiria. Kuna wiki nzima nilirudi na plagi tu.

Nyumbani, osha uzi kwa maji yasiyo na chumvi, yaani ya bomba, ama ya kisima kama cha kwenu si kikali sana, uanike kivulini. Jua ndilo linaloua nailoni. Ndoana ziweke kwenye kopo la kiwi lenye tone la mafuta ya kupikia. Na ukinasa kwenye jiwe, jambo litakalokutokea siku ya kwanza kabisa, usivute ukirudi nyuma. Legeza uzi wote, hesabu ishirini, uache mkondo uusukume upande wa pili, halafu tembea hatua kumi kushoto au kulia na uvute taratibu kutoka huko. Mara nyingi inaachia. Isipoachia, zungushia uzi kwenye kipande cha mti, si mkononi, uvute ukatike, ufunge plagi nyingine.